Mgonjwa katulia kliniki, akifunikwa uso anaanza kuhangaika: mnafanyaje kwenye upasuaji wa kubadilisha lenzi ya jicho?

nesi_wa_macho:

Wakuu, habari za kazi.

Nauliza kwa wanaofanya kazi chumba cha upasuaji wa macho, wapasuaji, watu wa ganzi na wauguzi wenzangu. Ni kutoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi bandia kwa ganzi ya matone, mgonjwa akiwa macho. Wengi hupita salama. Shida ni wale wachache ambao kliniki walitulia, wakasaini fomu, wakapanda kitandani wenyewe, halafu kitambaa kikishabandikwa usoni pumzi zinaenda mbio, mkono unapanda kutaka kukiondoa, kichwa kinageuka. Hapo jicho limeshaoshwa na vifaa vimeshafunguliwa.

Kuna njia ya kuwajua mapema? Waambiwe nini, na wakati gani? Nikisema nimwombe mtu wa ganzi aongeze midazolamu, ile dawa ya kutuliza, nasaidia au naharibu? Na presha ikipanda mpaka 190 mezani kwa hofu tu, mnaendelea au mnaahirisha?

Naomba majibu ya vitendo, na vipimo kama mnavyo.

---

MkonoMtulivu:

Hofu unayoiona kwenye kitambaa haikuanzia pale. Imepikwa kwenye muda wa kusubiri matone ya kupanua mboni. Mgonjwa kakaa kwenye kiti, matone yanarudiwa kila baada ya dakika 10 hadi 15, anazidi kuona ukungu, hajui zamu yake saa ngapi, na mlango ukifunguliwa moyo unaruka. Akifika mezani kitambaa kinamalizia tu. Kwa hiyo mwambie yuko wa ngapi, na upasuaji wenyewe kwa kawaida ni dakika 10 hadi 30. Kila anayekuja kuweka tone ajitaje jina na aseme limebaki tone la ngapi. Aende msalani mara ya mwisho kabla ya kuingia, hasa anayetumia dawa za kukojoza. Kibofu kilichojaa kinamhangaisha mtu aliyelala chali kuliko taa na vifaa vyote.

Kuwajua mapema inawezekana. Dodoso la APAIS, la kupima hofu ya ganzi na upasuaji, lina maswali 6 tu, kila moja alama 1 hadi 5. Manne yanapima hofu, kwa hiyo jumla ni 4 hadi 20, na wa 11 kwenda juu ni wa kuangaliwa kwa karibu. Mawili yaliyobaki yanapima mtu anataka kuelezwa kiasi gani. Hayo mawili ndiyo watu huyaruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kwa muuguzi. Mwenye alama za chini hapo hataki kusimuliwa kila hatua, ukimsimulia unampandisha hofu. Huyo mpe mambo matatu: muda, atakachohisi kikubwa, na namna ya kukuita. Mwenye alama za juu mweleze yote, hata akiuliza mara tatu.

Kipimo cha pili hakihitaji karatasi. Siku ya kliniki mlaze chali dakika 20 na mto mwembamba, kitambaa chepesi kikiwa kimefunika uso. Atakayeshindwa utamjua, na utajua pia kwa nini kashindwa, maana dawa zinatofautiana. Mgongo unataka mto chini ya magoti. Moyo na mapafu vinataka kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, na mpasuaji ajulishwe mapema ili apange hadubini yake. Kikohozi kinataka kutibiwa kwanza. Hofu ya kubanwa mahali inataka mazoezi ya nyumbani, dakika 5, kesho 10, keshokutwa 15. Ukiwachanganya wote ukawaita "waoga", hakuna utakayemsaidia.

Sasa maneno. Lugha yetu ina mtego: "kusikia" kunabeba mguso, sauti na maumivu yote kwa pamoja. Ukimwambia mama "hutasikia kitu", akiguswa tu anaamini ganzi imegoma. Sema hivi: "Utasikia nagusa, utasikia maji ya baridi na kugandamizwa. Ukali ukija, niambie nami naongeza dawa." Acha kabisa "usiogope", maana inamkumbusha kwamba kuna cha kuogopa. Na kila hisia itaje sekunde chache kabla haijafika. Aliyoambiwa kliniki wiki mbili nyuma ameshayasahau.

Hisia zenyewe, kwa mpangilio wake:

Matone ya ganzi ya tetrakeini ya asilimia 0.5 yanachoma kidogo, kisha jicho linakuwa zito. Inafuata povidoni iodini ya asilimia 5, ya kuua vijidudu, ambayo inatakiwa ikae dakika 3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Iodini ikiwekwa kabla ganzi haijashika inaunguza kweli, na mgonjwa anaamua pale pale kwamba ameshikwa na watu wasiomsikiliza. Tangu hapo kila mguso ataupokea kama maumivu. Rudia tone la ganzi, ngoja dakika moja, ndipo iodini. Kama mnatumia jeli ya ganzi ya lignokeini, ije baada ya iodini. Ikitangulia inaufunika uso wa jicho, iodini haifiki kwa vijidudu.

Kitambaa: kabla ya kukibandika mwonyeshe kwa mkono wako upande wa kidevu utakaobaki wazi. Kinyanyue kwa nguzo au waya kisigusane na pua na mdomo. Plastiki ikilala usoni, pumzi yake inageuka unyevu, inalowesha mdomo wa juu, hewa inakuwa ya moto, na hapo hata asiye mwoga anahisi anazibwa. Mrija wa hewa uwe umeshawekwa na unapuliza kabla kitambaa hakijashuka.

Kishikio cha kope: taja mwenyewe, hata asipouliza, kwamba kupepesa hakutaharibu kitu kwa sababu kope zimeshikwa. Swali hilo linawakosesha watu usingizi na wanaona haya kulitamka. La pili wasilolitamka ni kama jicho linang'olewa na kuwekwa pembeni. Waambie waziwazi: jicho halitoki mahali pake. Njia ya kuingilia kwa mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti ni milimita 2.2 hadi 2.8, na lenzi mpya inaingia imekunjwa, inakunjukia ndani.

Taa ya hadubini ianze chini, ipandishwe taratibu. Ataona mwanga mmoja au mitatu, rangi za bluu, nyekundu, waridi, kama mtu anayetazama juu kutoka chini ya maji. Asiyeambiwa anadhani hayo ndiyo macho yanapofuka. Aliyeambiwa wengine huyafurahia.

Na mkono. Mtu mmoja, asiye na kazi nyingine, ashike mkono wa mgonjwa chini ya kitambaa. Bonyeza mara moja ni shwari, mara mbili nataka kusema, bonyeza na kushikilia nakaribia kukohoa au kupiga chafya. Mfanyie mazoezi mara mbili kabla ya kufunikwa. Mkono ulioshikwa pia haupandi usoni, na hilo peke yake ni nusu ya tatizo lako. Kama ana kifaa cha kusaidia kusikia, kiache kwenye sikio la upande usiopasuliwa.

---

ganzi_na_pumzi:

Nijibu la midazolamu na la presha.

Kumwongezea dawa ya kutuliza mgonjwa anayehangaika chini ya kitambaa mara nyingi kunaharibu, na sababu inaeleweka. Unachotaka ni mtu aliyetulia anayeweza kufuata maneno. Kipimo kikizidi kidogo unapata mtu anayesinzia, anakoroma, na kila mkoromo unatikisa kichwa. Kibaya zaidi, anazinduka ghafla hajui yuko wapi, usoni kuna kitu, machoni kuna taa. Huyo anaruka. Kuna pia wazee ambao dawa hii inawageuza kinyume, badala ya kutulia wanakuwa wakali na wanachanganyikiwa. Ukidhani hiyo ni hofu ukaongeza tena, umemwaga petroli.

Kwa mzee toa 0.5 hadi 1 mg kwenye mshipa, polepole, halafu ngoja dakika 2 hadi 3 nzima kabla ya kufikiria nyingine. Wengi hawangoji, wanatoa ya pili dakika moja baadaye, na zote mbili zinapanda pamoja. Itolewe kabla ya kitambaa, ili uone uso wake ikishika. Ukichanganya na fentanili, dawa kali ya maumivu, pumzi zinashuka kuliko kila dawa ikiwa peke yake, kwa hiyo punguza zote mbili au acha moja. Mwenye ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini ni bora asipewe. Flumazenili, dawa inayozima nguvu ya midazolamu, iwe kwenye chumba, 0.2 mg kwa kuanzia, na mkumbuke inaisha nguvu kabla ya midazolamu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kurudi kusinzia akiwa chumba cha mapumziko. Kanula, kipimo cha oksijeni kidoleni na mtu wa kukiangalia si vitu vya hiari hapo.

Kabla ya yote hayo jiulize: ni hofu, au kuna kitu? Mtu anayehangaika chini ya kitambaa anaweza kuwa na oksijeni iliyoshuka, hewa chafu aliyoitoa mwenyewe imejaa chini ya plastiki, sukari imeshuka kwa sababu alifunga kula bila sababu, kibofu kimejaa, au ganzi haijashika. Ukimlaza kwa dawa mtu aliyekosa hewa, umeificha dalili. Kwa hiyo kwanza nyanyua kitambaa, angalia kidole, muulize, ndipo dawa.

Oksijeni ikipulizwa chini ya kitambaa ni moto unaosubiri cheche. Kama mpasuaji anataka kuchoma mshipa unaovuja, aseme kwanza, ifungwe angalau dakika moja, na kitambaa kiinuliwe hewa itoke. Kwa mgonjwa ambaye kiwango chake cha oksijeni ni kizuri, hewa ya kawaida yenye mkondo inatosha kumwondolea hisia ya kuzibwa.

Presha. Vituo vingi vinaweka kikomo kwenye 180/110. Ikizidi hapo kwa hofu, usikimbilie kuishusha kwa dawa kali, kushuka kwa ghafla kwa mzee ni hatari kuliko namba yenyewe. Ngoja dakika 10, mkanda wa presha uwe saizi ya mkono wake, zungumza naye, pima tena. Angalia alikunywa dawa yake ya presha asubuhi, maana wengi huiacha wakidhani ni sehemu ya kufunga. Na angalia chupa ya matone ya kupanua mboni: fenilefrini ya asilimia 10 inaweza kupandisha presha yenyewe. Kwa wazee na wenye presha tumieni ya asilimia 2.5. Ikibaki juu ya kikomo baada ya yote hayo, ahirisheni bila kumlaumu. Tunachokwepa ni damu kuvuja ndani ya jicho, upande wa nyuma, wakati limefunguliwa, na hilo likitokea linaweza kuchukua kuona kwote.

---

nesi_wa_macho:

Asanteni sana, la oksijeni na unyevu wa plastiki sikuwa nalipa uzito wake. Swali la nyongeza: hofu ikimpata katikati, ncha ya mashine ikiwa tayari ndani ya jicho? Mtu wa pembeni afanye nini, na mpasuaji anataka asikie nini kutoka kwetu?

---

hadubini:

Swali zuri, maana ukipiga kelele "mzee tulia!" wakati huo unaongeza shida.

Kwanza mjue kwa nini hofu inatuumiza sisi tulio kwenye hadubini. Mgonjwa mwenye hofu anabana kope, jicho linakimbilia juu, anazuia pumzi. Kuzuia pumzi kunajaza damu kwenye mishipa ya nyuma ya jicho, nyuma inasukuma mbele, nafasi tunayofanyia kazi inakuwa fupi. Kifuko cha lenzi ni utando mwembamba sana na hapo unakuja kukutana na ncha ya mashine. Kikipasuka, upasuaji wa dakika 15 unageuka mwingine kabisa. Kwa hiyo neno la kwanza kutoka kwenu liwe "toa pumzi, polepole". Msiseme "vuta pumzi", atavuta na kuishikilia. Hesabu 4 kuvuta, 6 kutoa, na anayeshika mkono apumue naye kwa sauti.

Hapo hapo nipeni neno moja la onyo. "Kikohozi" inatosha. Nikilisikia nafanya yafuatayo: naacha mawimbi na kunyonya, nabaki na maji tu kwenye kanyagio ili jicho lisinywee, najaza jeli ya kulinda kupitia kile kitundu cha pembeni, ndipo naitoa ncha. Nikiitoa bila jeli, nafasi ya mbele inaanguka na kifuko kinaruka kuja mbele. Ni sekunde chache tu, lakini nahitaji kuzipata. Ncha ikishatoka, njia ndogo ya aina hii inajifunga yenyewe, hakuna haraka. Taa ishushwe, kitambaa kiinuliwe upande wa kidevu, aongee mtu mmoja tu, yule yule aliyemshika mkono tangu mwanzo.

Muulizeni anachohisi, na msikie maneno yake. "Kunavuta ndani" au "kunauma kwa ndani ninapobonyezwa" mara nyingi ni maji yanayosukuma lenzi na irisi (ile sehemu yenye rangi) kurudi nyuma. Matone ya juu hayafiki huko. Nashusha chupa ya maji na kuweka lignokeini ya asilimia 1 isiyo na kihifadhi ndani ya jicho, mililita 0.3 hadi 0.5. Ningeiweka tangu mwanzo kwa kila aliyeonyesha hofu kliniki, inachukua sekunde chache na inaondoa sababu nzima ya kuruka. "Taa inanichoma" ni kushusha taa. "Siwezi tena" ni mapumziko ya dakika 2, na huwa yanatosha kuliko watu wanavyotegemea.

Ikishindikana, ganzi ya chini ya utando wa Tenon, unaofunika mboo ya jicho, kwa mrija butu, lignokeini ya asilimia 2, mililita 3 hadi 5, inaweza kuwekwa hata upasuaji umeshaanza, mradi njia imefungwa. Wakati huo sitaki ya sindano nyuma ya jicho. Inapandisha shinikizo kwenye jicho lililofunguliwa. Lakini mwambieni kabla ya kuiweka: kuona kwa jicho hilo kunaweza kufifia hata kuwa giza, kope litaning'inia, na anaweza kuona vitu viwili viwili kwa saa kadhaa. Asiyeambiwa hilo, hofu uliyoizima inawaka upya, mara hii kwa sababu anaamini amepofuka mezani.

Mwenye mtetemo mkubwa, aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kutofuata maneno, au ambaye mazoezi ya kitambaa yalishindikana kabisa, apangiwe ganzi ya usingizi kamili tangu kliniki. Kumlazimisha kwa matone ni kumdhulumu.

Mazungumzo yetu pia. Chini ya kitambaa mtu anasikia kila kitu na hana cha kufanya ila kusikiliza. "Lo", "hii imetoka vibaya" au "lete nyingine" vinamfikia kama hukumu, hata kama tunazungumzia kifungashio cha glavu. Tukubaliane maneno ya kawaida kwa mambo yasiyo ya kawaida. Muziki ni mzuri kama kauchagua yeye na sauti haifuniki maelekezo yangu. Na kimya kirefu kinatisha. Sentensi moja kila dakika inatosha: "Mama, lenzi ya zamani imetoka. Sasa naweka mpya, utasikia kugandamizwa."

---

MkonoMtulivu:

Niongeze moja tu, jicho la pili. Watu wengi wanarudi wakiwa hawana hofu, na sisi tunalegea: maelezo yanafupishwa, mkono haushikwi. Kumbe tafiti kadhaa zimeonyesha jicho la pili linaripotiwa kuuma zaidi kuliko la kwanza, ingawa upasuaji ni ule ule. Mgonjwa anatarajia kile alichokumbuka, na mara ya kwanza dawa ya kutuliza ilimfutia sehemu ya kumbukumbu. Akihisi mguso anadhani kuna kilichoharibika. Mwambieni kabla ya tone la kwanza: "Mzee wangu, safari hii unaweza kusikia zaidi kuliko ile. Ni kawaida, na ukali ukija dawa ipo." Halafu mazoezi ya kubonyeza mkono yarudiwe kama vile hajawahi kuja.